Pumzi za Chatu wa Iftin

Mola akitaka kuwakutanisha wawili, hata kuku huwa sababu. Soko la Garissa lilikuwa limefurika pale Deeq alipoinama kuchagua kuku sita hai, na msichana mwenye shungi la rangi ya zafarani akacheka nyuma yake.

"Kuku sita, walaal? Una wageni?"

"Wageni wangu humeza bila kutafuna."

"Basi ni jamaa wa mjomba wangu!"

Ndiye Kinsi, muuza maziwa ya ngamia. Deeq alitunza banda la chatu mtaani Iftin, wanafunzi wajifunze kutoua kila nyoka. Kwa miezi saba simu zao hazikupoa, na posa ikapangwa Ijumaa. Jumatatu ya juma hilo Kinsi aliingia bandani na chetezo, akafukiza uunsi, ubani wa Kisomali, kama wanawake wa kwao wafukizavyo nyumba waipendayo.

"Wasije wakaninunia nikiwa mkeo," alisema.

Kulipokucha, Deeq alifungua mlango akaganda. Chatu wawili walikuwa wamekufa, vinywa wazi, ute mzito umewajaa kooni. Watatu walikuwa wameinua vichwa, wakiivuta hewa kwa mluzi; mmoja tu alikuwa amejikunja pembeni, mzima. Akapiga simu.

"Kinsi, moshi wako umeniulia chatu!"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Posa isubiri."

"Deeq, unanihukumu bila shahidi?" Simu ikakatika.

Siku ya kumi Arbia, daktari wa mifugo aliyepeleka sampuli za chatu maabara, akampigia simu.

"Ni kirusi cha njia ya hewa. Hujificha mwilini majuma mengi. Moshi hauzai kirusi, ndugu yangu. Kuna mgeni uliyempokea karibuni?"

Deeq akakumbuka. Mwezi uliopita wafugaji wa Sangailu walimletea chatu waliyemwopoa kisimani. Alijua kwamba mgeni hutengwa kwanza. Lakini yeye, mwana wa wafugaji, aliona haya kumlaza mgeni peke yake. Akamchanganya na wenyeji siku ileile.

"Innalillahi! Ni mimi niliyewaua."

Baada ya Alasiri alikuwa ukumbini kwa Mzee Kulow, babake Kinsi, akikiri yote bila kuinua macho.

"Nikikuoza," mzee aliuliza, "siku maziwa yakimwagika utamlaumu nani?"

"Nitaanza na nafsi yangu, Mzee."

Pazia likatikisika, na sauti ya Kinsi ikatoka nyuma yake. "Aabo, mwulize wale watatu wanaendeleaje."

"Mmoja amekufa. Wawili nimewatenga. Na yule mgeni wa Sangailu," Deeq akameza mate, "ndiye aliyenona."

"Subhanallah!" Kinsi akatoka, macho bado mekundu. Akamgeukia babake.

"Aabo, na huyu atengwe. Miezi mitatu, asinipigie simu wala asipite mlangoni petu. Tukiona hana tena ugonjwa wa kuhukumu watu, mkubalie posa."

Deeq, aliyekuja akiwa amejiandaa kufukuzwa, akainua macho. Mzee Kulow akammiminia chai.

"Kunywa, mwanangu. Siku zako zinaanza kesho."