Sekunde Thelathini za Ioelu

Harufu ndiyo iliyoanza, na Fuatino ndiye aliyeinusa kwanza, maana pua ya mke mwenye wivu haipati mafua.

Ilikuwa harufu ya langilangi, mbichi kabisa, kama maua yamechumwa sasa hivi, na ilitoka kwenye shati la mumewe, Ioelu. Mlangilangi wa karibu uko nyumbani kwa mchungaji, na mke wa mchungaji ana miaka sabini na meno mawili. Basi nani?

"Leo umepitia wapi?" Fuatino akauliza.

"Nimetoka mjini Salelologa. Nimetengeneza simu za watu, nimerudi. Ningepitia wapi tena?"

"Simu za siku hizi zinanukia langilangi?"

Ioelu akacheka. Kosa. Mwanamume akiulizwa swali la namna hiyo hacheki.

"Nani huyo anakuchekesha?" Fuatino akadakia.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ioelu akicheka na redio, ataulizwa hivyo. Akicheka kanisani mtoto wa watu anapopiga chafya, ataulizwa hivyo. Wanawake tunaosuka mikeka tulikuwa tukimwona Fuatino anakuja, tunaanza kuulizana sisi kwa sisi, "Nani huyo anakuchekesha?" Mikeka inalowa machozi ya kicheko.

Safari hii wivu wake ulipata pa kukaa: kompyuta. Ioelu akirudi kazini alikuwa akikaa mbele yake akicheza mchezo wa nyota na watu wa dunia nzima, kila mtu na chombo chake cha angani, wanazurura kwenye giza la juu kutafuta sayari ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Jioni baragumu la kombe likilia mara ya kwanza, kijiji kizima kinaingia ndani. Likilia la pili, sala inaanza, na Saunoa, mama yake Ioelu, hamsubiri mtu. Kwa hiyo Ioelu ilimbidi atoke mchezoni kati ya baragumu na baragumu. Na huko, hakutokwi ovyo.

"Ukibonyeza kutoka, chombo kinahesabu sekunde thelathini," aliwahi kumweleza mkewe. "Unatulia, hugusi kitu. Mtu akikukazia macho, hesabu inakatika, unaanza upya. Ikifika sifuri, chombo kinatoweka, umetoka salama. Lakini ukizima tu ghafla, wewe uko nyumbani na chombo kimebaki nje. Apitaye ni chake."

"Na huko nani anakukazia macho?"

"Aa, Fuatino!"

Alhamisi moja baragumu la kwanza lilimkuta Fuatino mlangoni na kikombe cha kakao. Chumba kizima kilinuka langilangi hata koo likamwasha. Kwenye kioo cha kompyuta aliona vyombo viwili, cha mumewe na kingine cheupe, kisicho na jina, vimesogeleana kama watu wa mkeka mmoja. Chini yake maneno yakajiandika: *Usiende. Kwenu kuna kelele. Baki nami.*

Na Ioelu alikuwa anatabasamu.

"Nani huyo anakuchekesha?"

"Ngoja, Fua, niko kwenye hesabu. Huyu simjui hata jina, ila kila jioni ananikatia..."

Fuatino hakungoja. Akaushika waya, akauchomoa ukutani.

Baragumu la pili likalia. Ioelu akainuka, akaja akakaa chini na wenzake kusali. Wimbo ulipoanza, Saunoa alimtazama mwanawe mara moja, akamtazama tena. Midomo ilikuwa inacheza lakini sauti haitoki.

Tangu siku hiyo Ioelu hakula. Magimbi kwa tui yalipoa mbele yake mpaka nzi wakashiba. Mwili ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, naye alikaa kutwa akikikodolea macho kioo kilichozimwa. Fuatino alikuwa akiamka na nywele zake zimefungwa mafundo kwenye mguu wa kitanda. Jumamosi, jua likizama, Ioelu akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya kujidai:

"Wewe ulimfungia nje. Mimi nimemwokota. Wivu wa nini tena?"

Saunoa akakimbia kumwita Lusia.

Lusia ni mganga wetu, na kompyuta kwake ni sanduku la mwanga. Alimpaka Ioelu mafuta, akamkanda tumbo na mabega, akanusa vidole vyake mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Aitu huyu, pepo wa kike. Wa zamani. Hawa ndio wanaowapiga wasichana wanaoachia nywele jioni, kwa wivu tu. Kachoka na msitu wetu, kaona giza lingine, kahamia."

"Na mume wangu?"

"Hapa pana mwili tu, na mwili usio na mwenyewe hauvuki wiki. Hebu nambie, watu hutokaje huko?"

Fuatino akamweleza yote: kutulia, kutokaziwa macho, sekunde thelathini. Lusia alisikiliza kama anayeelezwa dawa ya kikohozi.

"Basi ni rahisi. Aitu anamkazia macho. Nitamwekea kioo cha kujitazama, wanapenda kujitazama hao. Na wewe utageuka, uangalie ukuta."

"Mimi? Mimi ni mkewe!"

"Macho yako yanakaza kuliko ya aitu, mwanangu. Kijiji kizima kinajua."

"Nimwache naye peke yao?"

"Sekunde thelathini! Kuna wanawake hapa wamewaacha waume zao New Zealand miaka mitatu." Kisha akashusha sauti. "Sikiliza vizuri. Usigeuke, hata usikie nini. Na baada ya leo, akiandika, akiita, akiiga maneno ya mtu mnayempenda, asijibiwe. Mnatulia, mnahesabu, mnatoka. Umesikia?"

"Nimesikia," Fuatino akanong'ona.

Jumatatu, baragumu la kwanza lilipolia, waliiwasha kompyuta. Mimi nilikuwa dirishani. Nilikwenda kuazima chumvi. Chombo cha Ioelu kilikuwa palepale kilipoachwa, na ubavuni mwake kile cheupe. Lusia akainua kioo kidogo cha mkononi, akakielekeza kwenye skrini. Fuatino akageukia ukuta. Saunoa akaushika mkono wa mwanawe, akaubonyezea kipanya, na namba zikaanza kushuka, thelathini, ishirini na tisa, na harufu ya langilangi ikapanda kama maji ya mafuriko yanavyopanda ngazi, na nyuma ya mgongo wake Fuatino akasikia kitu kama nguo ndefu inaburutwa mkekani, kisha kitana kinapita kwenye nywele nyingi, taratibu, juu hadi chini, juu hadi chini, na kumi na tano, na kumi na nne, na yule mwanamke akaanza kusema na Ioelu maneno madogomadogo ambayo mke huyasikia gizani tu na hudhani ni yake peke yake, akiyataja majina ambayo Ioelu alikuwa akimwita yeye, moja baada ya jingine, na Fuatino akauma ngumi mpaka damu ikatoka, na tisa, na nane, na jasho likamtiririka miguuni, na tano, na nne, na hapo Ioelu, ambaye kwa siku nne hakuwa ametoa hata pumzi yake mwenyewe ya kusikika, akacheka.

"Nani huyo..." Fuatino akasema, akageuka.

Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kile kioo cha mkononi. Aliyekuwa ndani ya kioo akamtazama.

Sifuri.

Ioelu alianguka, Lusia na Saunoa wakamdaka. Akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akaomba chakula. Kwa kilio na shukrani, hakuna aliyemwangalia Fuatino, aliyesimama akizigusa nywele zake kama mtu anayejaribu nguo mpya. Niliona. Nikasema kwenye mikeka. Lakini mimi kila siku nasema, nani ataniamini?

Siku hizi Fuatino hana wivu. Ioelu anacheka na redio, anacheka na wasichana wa sokoni, mkewe anatabasamu tu. Saunoa anamshukuru Mungu kila akikutana na mtu. Wimbo wa jioni ukianza, mkwe wake anafungua kinywa pamoja nao, ila sauti yake mimi sijaisikia. Mto wao wa kulalia unanukia langilangi. Ioelu anasema mkewe kanunua manukato.

Baada ya mwezi Ioelu alirudi mchezoni. Jioni ya kwanza tu akakuta, pale palipokuwa na vyombo viwili, chombo kimoja kidogo, hakina taa. Baragumu la kwanza likalia. Maneno yakaja: *Ioelu, ni mimi. Nimeganda.*

Akakumbuka alivyofundishwa na Lusia alipopona. Akabonyeza kutoka, akaondoa mikono.

Nyuma yake mkewe, aliyekuwa dirishani akichana nywele zilizoachiwa mpaka kiunoni, akamtania kitu kuhusu kitambi chake kinachoota. Ioelu akacheka.

*Nani huyo anakuchekesha?*

Hesabu ikakatika, ikarudi thelathini. Mkono wa Ioelu ukaenda wenyewe kwenye vitufe, ukaishia hewani. Ataiga maneno ya mtu mnayempenda. Asijibiwe.

"Tafadhali," akanong'ona. "La pili linakaribia. Niache nitoke."

Polepole kile chombo kidogo kikageuka, kikampa mgongo. Namba zikashuka bila kukatika hata mara moja, tatu, mbili, moja, kioo kikawa cheusi.

Kitana kikatulia.

"Umetoka salama, mume wangu?"

"Nimetoka salama," akasema Ioelu.