Darasa la Uongozi la Saa ya Chakula

Kila siku shule ikifungwa, Candelaria Diego hakubaki kupiga soga na wenzake. Alivuka barabara hadi shule ya msingi, akawachukua wadogo zake, Andrés na Isabel, akarudi nao nyumbani. Saa hizo mama yao, Eulalia, alikuwa ameshaingia zamu katika kiwanda cha nyama. Baba yao, Pascual, alikuwa bado amelala, kwa sababu yeye aliosha mashine za kiwanda hicho usiku. Basi Candelaria ndiye aliyechemsha maharage, akachoma chapati za mahindi na kusimamia kazi za shule za wadogo zake.

Pascual akiamka humtania. "Mheshimiwa, wananchi wako wanakula nini leo?"

"Waliowahi wanakula maharage," Candelaria humjibu. "Waliochelewa kuamka wanakunywa mchuzi."

Hivyo ndivyo tunavyoishi wengi hapa Cedar Fork, Nebraska. Kiwanda kimetukusanya kutoka kila upande. Akina Candelaria walitoka milima ya Guatemala, na nyumbani huzungumza Kikanjobal, lugha ya asili ya milima hiyo. Mtaani kuna Wasomali, kuna Wameksiko, na kuna wakulima ambao babu wa babu zao walizikwa hapa hapa.

Candelaria alikuwa na miaka kumi na sita. Alitamani sana kuingia Darasa la Uongozi katika shule yake ya sekondari. Darasa hilo hufundisha wanafunzi kuendesha kikao, kusikiliza shida za wenzao na kupanga shughuli. Wanaolimaliza ndio huingia baraza la wanafunzi, na baraza ndilo huwapokea wanafunzi wageni.

Lakini darasa lilifanyika jioni. Tena ili uingie, ilikuwa lazima mwalimu apendekeze jina lako, kisha upande jukwaani uhutubie shule nzima. Candelaria alikuwa mpole. Hakuna mwalimu aliyemtaja. Alipomweleza mama yake, Eulalia alimuuliza nani atawaangalia wadogo zake. Candelaria akasema sawa, akaendelea kuosha vyombo. Eulalia alimtazama mgongoni, akajua kwamba si sawa. Ila hakujua la kufanya.

Mwezi wa Januari ikaja dhoruba ya theluji. Shule ikafungwa mchana ghafla. Tangazo lilitolewa kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza cha haraka, na wanafunzi wakakimbilia mabasi.

Siku hiyo Pascual aliwafuata wadogo, naye Candelaria akapanda basi; humo akaona kiti cha Juana ni kitupu. Juana alikuwa msichana mgeni kutoka Guatemala, na Kiingereza kilikuwa bado hakijamwingia. Baraza lilikuwa limempa mwenzake wa kumwongoza, Brooke, msichana mzuri mwenye moyo safi. Brooke alikuwa amemwambia Juana kwamba shule inafungwa, akamuuliza kama ameelewa. Juana aliitikia kwa kichwa, kama wageni wengi wafanyavyo. Brooke akaenda zake.

Candelaria akamwendea dereva, akamwambia kuna mtu amebaki. Dereva alisema upepo unazidi na hawezi kungoja.

"Basi nifungulie mlango, mzee," Candelaria alisema. "Nitabaki naye."

Dereva alimtazama, akazima injini. Wakashuka wote wawili. Walimkuta Juana nyuma ya ukumbi wa michezo, mahali alipozoea kumngoja mjomba wake siku asizopanda basi. Mlango ulikuwa umejifunga nyuma yake. Hakuwa na glavu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Wakamleta ndani ya basi, wanafunzi wakavua makoti yao wakamfunika. Daktari alisema baadaye kwamba angekaa pale kidogo zaidi, vidole vile visingepona.

Jumapili iliyofuata Bi Lorene Vavra akapiga hodi. Yeye ni mfanyakazi wa shule anayeshughulika na familia, na anakaa mtaa mmoja nao. Alileta vibumunda vya jamu ya matunda alivyooka mwenyewe. Eulalia akamkaribisha uji wa mahindi. Bi Lorene, kwa Kihispania chake cha kuungaunga, aliuliza kwa nini msichana kama huyu hayumo katika Darasa la Uongozi.

Eulalia akajibu kwamba mwanawe si msemaji, na tena ana wadogo wa kulea.

"Bi Eulalia, hakuna aliyemkataza mwanao," Bi Lorene alisema. "Ndiyo maana tatizo halionekani. Mlango uko wazi, lakini unafunguliwa saa ambayo yeye yuko jikoni."

Akaeleza taratibu. Alisema kuwashirikisha watu wote si kumpa mtu kiti kwa kumhurumia. Ni kutazama jinsi darasa lilivyopangwa na kuuliza: nani hawezi kufika hapa, na kinachomzuia ni nini? Viongozi wakitoka nyumba zinazofanana, hujua shida zinazofanana. Katika baraza zima hakukuwa na mtu wa kutambua kwamba Juana ameitikia bila kuelewa. Si kwamba ni wabaya. Hawakuwahi kuwa wageni.

Pascual, aliyekuwa amekaa nao, aliogopa. Aliuliza kama wakienda kulalamika, mtoto hataandamwa.

"Hatuendi kulalamika," Bi Lorene alimjibu. "Tunaenda na shida mkono huu, na njia ya kuitatua mkono huu. Nami nitakuwa kando yenu."

Wakaenda shuleni, na Candelaria pamoja nao. Mwalimu Whitcomb alikuwa amefundisha darasa lile miaka mingi, na alilipenda. Maneno yao yalimuuma. Alisema darasa ni la kila mtu, hajawahi kumfukuza yeyote.

"Nashukuru, Mwalimu," Candelaria alisema. "Ila jioni mimi nalea. Na si mimi tu. Fadumo humtunza bibi yake. Garrett hukamua ng'ombe na baba yake."

Mwalimu alishangaa. Alimfahamu Garrett tangu akiwa mtoto mdogo. "Garrett naye alitaka kuingia?"

"Tangu mwaka jana. Anangoja aulizwe."

Mwalimu Whitcomb akavuta kiti karibu na Eulalia, akamuuliza yeye angependa darasa liwe saa ngapi.

Darasa likahamia saa ya chakula cha mchana. Mwanafunzi sasa anaweza kujiandikisha mwenyewe au kumtaja mwenzake. Badala ya hotuba, kila mmoja anaeleza jambo alilowahi kuwafanyia wengine, kwa mdomo au kwa maandishi. Jukwaa likaachwa, wakakaa duara, na Wren, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, hakuhitaji tena kubebwa ngazini.

Si wote waliofurahi. Baadhi ya wazazi walisema darasa limerahisishwa. Mwalimu Whitcomb aliwaalika waje waone. Walikuta watoto wakibishana kwa adabu, tena kuhusu mambo mazito kuliko rangi za mapambo ya sherehe. Brooke alimfundisha Candelaria kuendesha kikao bila kupoteza ajenda. Candelaria alimfundisha Brooke kwamba mgeni haulizwi "Umeelewa?" Anaambiwa, "Hebu nieleze ulivyoelewa." Juana, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepona, ndiye waliyemfanyia majaribio, naye aliwacheka sana.

Mwezi wa Machi theluji ikarudi. Siku hiyo Eulalia alikuwa ameitwa zamu ya asubuhi. Alikuwa katika chumba cha mapumziko pamoja na Hodan, mama yake Fadumo, wakitazama dirisha lililogeuka jeupe, kila mmoja akiwaza watoto wake.

Mara simu zikaanza kulia mezani, moja baada ya nyingine. Zilitoa sauti zilizorekodiwa za watoto wa Darasa la Uongozi, kwa Kihispania, kwa Kisomali, kwa Kiingereza. Eulalia akaiweka yake sikioni. Akasikia Kikanjobal, kwa utulivu, bila haraka: "Wazazi wetu, shule inafungwa sasa. Tumepita kila mlango na kila basi. Hakuna aliyebaki nje. Fanyeni kazi kwa amani."

Machozi yakamtoka Eulalia. Hodan akamshika bega, akamuuliza kama kuna habari mbaya.

"Hapana," Eulalia alisema kwa Kiingereza chake kichache. "Ni mwanangu anayesema."

"Na huyu ni wangu," Hodan akajibu, akainua simu yake. "Mshukuru wako kwa niaba yangu."

"Nawe mshukuru wako."

Wakazisikiliza tena sauti zote mbili, ile ya Kisomali na ile ya Kikanjobal, mpaka kengele ya kazi ikalia.