Fyuzi ya Kocou

Kocou alilala kifudifudi pembeni mwa lami, shati lake la zemijani, la waendesha pikipiki za abiria, lenye namba mgongoni limechanika begani. Pikipiki yake ilikuwa imeburuzwa hadi mtaroni. Nyumba yake ilikuwa pale pale, kichochoro kinapoingia barabarani.

Inspekta Assiba Kpadonou alimfunika marehemu, akageukia umati. Zemijani wenzake walikuwa wamelizunguka lori la mbao lililomgonga. Orou, dereva wa lori, mtu wa kaskazini, alikuwa amejifungia ndani. Kijana mmoja alikwisha kushika dumu la petroli.

"Afande, hakupiga honi," Orou alisema dirishani. "Wallahi, ningeisikia ningepunguza."

Walicheka, kicheko kibaya.

"Kocou asipige honi? Amefunga honi ya lori kabisa. Bohicon nzima tunaamkia hiyo."

"Akitoka kichochoroni lazima aibonyeze," mwingine alidakia. "Breki ndiyo hana habari nayo."

Ndivyo walivyo zemijani wa mji huu: breki zikichoka, mtu hanunui breki, hununua honi. Tabia hiyo ilimkera Assiba siku zote. Leo ilimtia udadisi. Mtu anayepiga honi kila asubuhi mahali pale pale, leo amenyamaza kwa nini?

Sajini Tossou alimtoa Orou, akampeleka kituoni. Umati ukamfuata, na dumu lao.

Assiba aliivuta pikipiki kutoka mtaroni, akawasha swichi. Taa ikawaka. Akabonyeza honi. Kimya.

Alimwita Fulbert, fundi wa mtaa.

"Honi hii umeifunga wewe?"

"Mimi, afande. Hapo uani kwake, mkewe akitazama."

"Uliiungaje?"

"Honi kubwa inakula moto mwingi. Ukiitundika kwenye waya wa zamani, kitufe kinaungua. Kwa hiyo nilivuta waya mnene toka kwenye betri, nikapitisha kwenye fyuzi, nikaweka na rilei. Ukibonyeza kitufe, kinaamsha rilei tu, nayo rilei ndiyo inapeleka moto kwenye honi."

"Na honi ya zamani?"

"Alisema niitupe. Eti inalia kama kifaranga."

"Basi hii yako imenyamaza, na mtu amekufa."

"Fungua kiti, afande. Ukikuta waya wangu umeachia, nifunge pingu."

Assiba alifungua. Waya ulikuwa mzima, na rilei iko mahali pake. Kikasha cha fyuzi kilifunikwa vizuri kwa kofia yake ya mpira. Aliivua kofia. Ndani hamkuwa na kitu.

Fyuzi ikiungua hubaki palepale. Hii ilitolewa. Na mwizi gani huiba kisha akarudisha kofia mvua isiingie? Aliyefanya hivi aliipenda pikipiki, au alimpenda mwenye pikipiki. Kwenye mpira palikuwa na alama ya kidole, ya mafuta meupe. Akanusa.

"Fulbert, unatumia grisi gani?"

"Nyeusi, hii hapa mikononi."

"Haya ni mafuta ya shea, ya kupaka mwili. Nani mwingine alijua fyuzi inapokaa?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilimwonyesha shemeji, mke wa Kocou. Nilikuwa namtania tu, kwamba Kocou asiponilipa, yeye aitoe, honi izime."

Sènami, mke wa marehemu, alikuwa chumbani, mtoto mchanga mapajani. Dirisha lilitazama barabara. Kando ya kitanda palikuwa na kibuyu cha mafuta ya shea.

"Pole sana, dada."

"Asante, afande."

"Mtoto unampaka mafuta wakati gani?"

"Alfajiri. Kabla baba yake hajatoka."

"Leo ulimpaka?"

"Nilimpaka."

"Halafu ukaenda uani."

Assiba aliketi karibu naye. Kazi yake aliipenda, lakini dakika hii aliichukia.

"Dada, kuna mtu kituoni, Orou anaitwa. Nje wanamngoja na petroli. Anasema hakusikia honi, na hakuna anayemwamini."

Mwanamke alilifungua pindo la kitambaa chake kiunoni, akatoa fyuzi ndogo, akaiweka kiganjani mwa Assiba.

"Mtoto huyu hajui usingizi, afande. Akisinzia tu, baba yake anafika pale barabarani, paa! Anaruka, analia mpaka sauti inakauka. Nilimsihi Kocou. Anacheka, ananiambia, 'Namuaga mwanangu.' Nikasema leo tu. Leo tu alale. Angerudi mchana ningeirudisha, tungecheka."

"Hukujua kwamba honi ndiyo iliyokuwa ikiyasimamisha malori?"

"Mimi nilisikia kelele tu."

"Itabidi uandike maelezo. Hakimu ataamua."

"Nipeleke kwanza kwa hao wenye petroli," Sènami alisema. "Wasikie kwangu."

Alisema mbele ya kituo, mtoto mgongoni, bila kuficha neno. Mama mkwe wake alikuwemo umatini, akaketi chini. Kijana wa dumu alilitazama, akaenda kuimwaga petroli kwenye tangi la pikipiki yake. Orou alipotolewa, alisimama mbele ya mjane, kisha akaondoka.

Mtoto alikuwa macho, ameelekeza uso barabarani kana kwamba anangoja honi. Sènami alimtikisa taratibu.

"Siku nyingine saa hizi ameshatulia," alimwambia Assiba. "Tazama, afande. Kimya hiki chote, na bado halali."