Waya wa Pasi

Kila asubuhi Mama alitangulia kuamka. Alikuwa dobi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba iliyotoka ukuta mmoja hadi mwingine, na pasi nzito ya umeme ambayo waya wake uliweza kuchomolewa pande zote mbili, ukutani na kwenye pasi yenyewe. Binti yake alipofumbua macho, mashati ya wateja yalikuwa yameshaning'inia safu nzima.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu walimwita Kishada, kwa sababu upepo wowote ulimchukua. Ukimtuma chumvi, anakuletea habari za paka wa jirani. Ukimwambia avae viatu, utamkuta na kimoja mguuni na kingine mkononi, anatazama sisimizi wakipita mlangoni. Hata kukaa kwenye kiti kulimshinda. Mguu wake mmoja ulikuwa safarini saa zote.

Zamani Mama alimfokea. Wiki hii hakufoka hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha Kishada.

"Chai yako inapoa," Mama alisema asubuhi ile ya Ijumaa, bila kugeuka.

"Mama, lile begi ni la nani?"

Juu ya kabati palikuwa na begi la bluu, limejaa na limefungwa zipu.

"Kunywa chai, mwanangu."

Kishada alijua. Alikuwa amemsikia Mama akiongea kwa simu. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, haonekani nyumbani ila mara chache, kwa hiyo Mama alikuwa amemwomba Baba Mkubwa aje Jumamosi. Baba Mkubwa alikuwa askari mstaafu, mwenye sifa ya kuwanyoosha watoto walioshindikana. Binamu yake Kishada aliwahi kukaa kwake mwaka mzima. Alirudi ana adabu kweli, ila mtu akiinua mkono kujikuna kichwa, yeye anajikinga uso. Kishada alikiacha kikombe kikiwa nusu.

Shuleni, kipindi cha sayansi, mwalimu wa darasa alisema, "Fungeni madaftari, toeni vitabu, tafuteni picha ya moyo, muichore, halafu mwandike majina ya sehemu zake."

Kishada alifunga daftari. Alipoinama kutoa kitabu, alikuta kibanio cha nguo ndani ya mkoba wake. Springi yake ilikuwa imelegea. Akaibonyeza, akaikaza, akaibonyeza tena. Alipoinua kichwa, wenzake wote walikuwa wanachora.

"Tunafanya nini?" alimnong'oneza aliyekaa naye.

"Kishada kimepaa," huyo akajibu kwa sauti, na darasa likaangua kicheko.

Alitaka kulia. Kila siku aliapa kuwa leo atasikiliza, na kila siku maneno yalimponyoka kama sabuni bafuni. Hakuwa akifanya makusudi, lakini nani angemwamini?

Mwalimu alikuja akachuchumaa kando yake. "Toa kitabu," alisema. Kishada akatoa. "Haya, tafuta picha ya moyo." Akaitafuta. "Sasa chora." Kengele ilipolia, mchoro wake ulikuwa mzuri kuliko wa wengi. Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu.

"Mwambie mama yako aje kuniona leo mchana," alisema. "Asikose."

Mwalimu leo, Baba Mkubwa kesho. Lakini njiani alimkuta fundi baiskeli akitafuta tundu kwenye mpira kwa maji, akasimama kutazama mapovu. Alipofika nyumbani, ule ujumbe ulikuwa umeshampotea.

Mchana ule wingu jeusi lilitanda mapema. Mama alikuwa anapiga pasi shati la mwisho pale mhudumu wa hoteli alipobisha hodi. Sare za wapishi zinatakiwa sasa hivi. Mama alisimamisha pasi mezani, akabeba kapu, na akiwa tayari ana mguu mmoja nje akasema, "Zima pasi, mpe Bibi maji, anua nguo zote, mvua hiyo."

"Sawa, Mama," Kishada akajibu, na alimaanisha kwa moyo wake wote.

Akakimbilia uani. Upepo ulikuwa unazipiga shuka huku na huko. Alianua kwa pupa, akabeba mzigo uliompita kichwa, akautupa mezani na kurudi kuchukua zilizobaki. Hakuona kwamba rundo lile liliiangusha pasi kifudifudi juu ya shati.

Uani alianua moja moja, hata soksi. Kisha akasikia mkongojo wa Bibi ukigonga ukuta. Bibi, mama yake baba, miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Alilala chumba cha nyuma, ambacho njia yake ilipitia chumba cha mbele, na akitaka kitu alikuwa anagonga. Aligonga mara ya kwanza taratibu. Mara ya pili aligonga kwa nguvu. Mara ya tatu hakuacha.

"Maji ya Bibi," Kishada alikumbuka. Alijaza jagi jikoni, akafungua mlango wa chumba cha mbele ili apite. Moshi ukampiga usoni. Kwenye ukingo wa meza ulimi mdogo wa moto ulikuwa unalamba blanketi.

Akili yake, ambayo kutwa nzima ilikuwa ikirukaruka, ilitulia tuli. Maji na umeme havipatani. Mama alimfundisha hivyo tangu akiwa mdogo. Alizima swichi ukutani, akachomoa waya, ndipo akamwaga jagi lote. Akarudi kujaza jingine, akamwaga tena. Moto ulizimika, lakini moshi ulizidi, nao ulikuwa unaelekea chumba cha nyuma. Bibi alikuwa anakohoa.

"Hodi humu," sauti iliita. Alikuwa mwalimu. Alisubiri shuleni mpaka akachoka, akaamua kuja mwenyewe. Hakuuliza kitu. Wawili hao walilivuta godoro na Bibi juu yake mpaka kibarazani, mvua ikaanza.

Mama aliporudi alimshika Bibi mikono, akahakikisha ni mzima. Kisha aliingia ndani na kutoka na lile begi la bluu, akaliweka mlangoni.

"Kesho anaondoka," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nimeshindwa. Ataniulia mtu."

Kishada alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mama," alisema mwalimu polepole, "ulimwambia nini ulipotoka?"

"Azime pasi, ampe Bibi maji, aanue nguo."

"Na wewe ulisikia nini?"

"Kuanua nguo," Kishada alijibu. "Maji niliyakumbuka Bibi alipogonga. Ila nguo nilianua zote, Mama."

Mwalimu alieleza alichokiona darasani: akipewa maagizo mengi kwa pamoja, mtoto anabaki na moja, akipewa moja moja, anayamaliza yote. "Si kiburi, na sidhani ni uvivu. Kuna daktari wa watoto anayeyajua mambo haya. Tumpeleke kwanza."

Bibi alikohoa, akasema, "Babu yake alikuwa vivyo hivyo. Alichapwa mpaka akaikimbia shule. Viboko havikumfundisha kukumbuka. Vilimfundisha kuogopa watu." Akamgeukia mkwewe. "Huyo anayekuja kesho nimemzaa mimi. Nitaongea naye."

Baba Mkubwa alifika Jumamosi, mrefu, viatu vinang'aa. Aliingia chumbani kwa Bibi, mlango ukafungwa. Kishada alisimama nje roho juu juu, akisikia minong'ono asiyoielewa. Mlango ulipofunguliwa, Baba Mkubwa alikwenda hadi mlango wa mbele, akalinyanyua begi. Kishada akafumba macho.

"Lipeleke chumbani kwako," alisema yule mzee kwa sauti ya chini. "Toa nguo zako uzipange."

Daktari hakuwa na haraka. Alipima masikio na macho, akamuuliza Mama mengi na mwalimu mengi, akawaita tena siku nyingine. Mwishoni alisema Kishada ana hali ya upungufu wa umakini na kutotulia. Mtu huzaliwa nayo, haitokani na malezi mabaya, na mwenye nayo anaweza kuwa na akili nzuri tu. Wengine hutumia dawa, wengine hubadilishiwa mpangilio wa nyumbani na shuleni, wengine vyote viwili. Wao wataanza na mpangilio. "Msimwambie tu akumbuke," alisema. "Mpeni kitu cha kumkumbusha, anachokiona na kukishika."

Mwalimu alimhamishia kiti cha mbele na kumfanya mgawaji wa madaftari, apate kunyanyuka. Mama naye alijifunza kutoa agizo moja, kungoja, ndipo atoe jingine. Na kwa kuwa alikuwa dobi, alibuni mbinu yake mwenyewe: ukizima pasi, chomoa waya, uvae shingoni. Kama shingo iko tupu, pasi bado ina moto.

Asubuhi moja mwalimu alikuwa anafundisha wakati mwanafunzi mmoja alipocheka, kisha wawili, kisha darasa zima. Kishada alishika shingo yake. Waya wa pasi ulikuwa pale, plagi ikining'inia juu ya tai.

Mlangoni Mama alikuwa amesimama, anahema. Nyumbani mteja alikuwa anasubiri suruali na pasi haina waya. Darasa likangoja kuona mtoto wa watu akiadhibiwa. Kishada aliinamisha kichwa.

Mama aliuvua ule waya taratibu, akauzungusha mkononi mwake, na akaanza kucheka. Kishada hakuwa amemsikia akicheka kwa muda mrefu.

"Mwalimu, amesahau tena," alisema, akamshika bintiye begani. "Lakini nyumba yangu iko salama, na Bibi amelala usingizi mzuri. Miaka yote nilimwita mkaidi, kumbe nilikuwa namdai kitu ambacho hakuwa nacho, na nilikuwa tayari kumfukuza kwa sababu hiyo. Mtoto akishindwa kila siku, si vizuri kukimbilia fimbo. Uliza kwanza ni nini kinamshinda."

Aliwatazama wale waliocheka, na hakuwa na hasira.

"Na nyinyi wenzake, akiwauliza mnafanya nini, mwambieni."

Mama alipoondoka, mwalimu aliwaambia watoe vitabu. Kishada aliinama, akakawia kidogo ndani ya mkoba, akainua kichwa.

"Tunafanya nini?" alinong'ona.

"Ukurasa wa moyo," alimjibu aliyekaa naye, akamsogezea kitabu.