Kuvu Nyuma ya Plaiwudi

Lilis alikutana na Yayan stesheni ya Bogor, saa ile watu wa Jakarta wanaposhuka wamebanana kama siafu na mvua inawangoja nje. Alikuwa amekumbatia kebaya ya bibi harusi mmoja, blauzi ya hariri ya rangi ya waridi aliyoitarizi kwa wiki tatu, na hakuwa na mwavuli. Mwanamume mrefu, shati lake la buluu limenyooka kwa pasi, akamfungulia wake, akamwita Neng, kama waitwavyo wasichana wa huko.

"Funika mzigo, Neng. Mimi nimeshazoea kulowa."

"Ukiugua utasema ni mimi."

"Nikiugua utanipikia uji."

"Nani kakwambia najua kupika?"

"Basi tutanunua."

Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wachumba. Yayan aliuza shamba la mpunga alilorithi kwa baba yake, akanunua nyumba ndogo mlimani, imeegemea kilima kwa nyuma. Kuta zilikuwa nyeupe pee, na chumba cha kulala kilizungushiwa plaiwudi iliyong'arishwa kwa vanishi. Lilis aliigusa kwa kiganja, akaona amepata kwao. Walioana baada ya mwezi wa Ramadhani.

Mwezi wa tatu wa ndoa Lilis alianza kukohoa. Mwanzoni Yayan alimtania kwamba ameoa mzee. Baadaye akawa anageukia ukutani kila Lilis anapokohoa usiku. Lilis alipokwenda kwa mama yake siku nne, kifua kikatulia. Yayan akapiga simu.

"Umelalaje?"

"Vizuri. Sijakohoa hata mara moja."

"Kwa hiyo ugonjwa wako ni mimi."

"Nimesema hivyo?"

"Wewe hujasema. Kifua chako kimesema."

Akakata. Wiki tatu zikapita, Lilis bado kwa mama yake, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Kisha simu ikalia tena, na sauti ya Yayan ilikuwa ndogo.

"Njoo uone kitu."

Alikuwa ametafuta shati nyuma ya kabati, akakuta plaiwudi imevimba. Alipobandua ubao mmoja, ukuta wote nyuma yake ulikuwa mweusi, kuvu kutoka sakafuni hadi darini, unyevunyevu, na mahali pengine imeota manyoya ya kijivu. Chini yake zilionekana rangi tatu zilizopakwa moja juu ya nyingine.

"Waliotuuzia walijua," Lilis alisema.

"Walijua." Yayan alimshika mkono. "Nisamehe, mpenzi. Nilidhani umenichoka."

"Na mimi nilikuacha udhani hivyo."

Walisugua kwa dawa ya kung'arishia nguo, vitambaa vimefungwa puani, wakitaniana kama siku za uchumba. Wiki mbili baadaye kuvu ilikuwa imerudi. Mjomba Karna, fundi mwashi wa mtaa, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Maji ya kilima yanapita humu. Mkitaka ukuta mkavu, hamisheni kilima."

"Tukibomoa tujenge upya?" Yayan aliuliza.

"Una cha kujengea?"

Daktari naye, aliyempima Lilis kifua, alimkataza kulala tena mle ndani.

Ikabaki kuuza. Yayan alipigilia plaiwudi mpya, akapaka vanishi, na Lilis akashona mapazia. Hawakulizungumza jambo lile, kila mmoja akifanya kazi amempa mwenzake mgongo. Wanunuzi walikuwa vijana, mke ana mimba ya miezi saba, amevaa gauni la maua na kandambili. Akaweka kiganja kwenye plaiwudi.

"Kitanda cha mtoto kitakaa hapa," alimwambia mumewe. "Hapa pana utulivu."

Lilis alimwomba Mungu Yayan anyamaze. Ndivyo alivyoomba, wala hakujidanganya. Yayan akaenda jikoni, akarudi na nyundo, akang'oa ubao.

"Tazama, dada," alisema. "Bora ujue."

Waliondoka bila kumaliza chai. Lilis alikaa sakafuni. Hakuwahi kumpenda mume wake kama saa ile, na alijua kwamba mlango pekee waliokuwa nao Yayan ameufunga kwa mkono wake.

Habari zikaenea mlimani kote, na hakuna mwingine aliyekuja kuitazama. Yayan anaishi humo, analala jikoni. Lilis yuko kwa mama yake, wanawake wanne katika chumba kimoja, wala hakuna pa kumweka mwanamume. Jumapili Yayan huja na shati lililopigwa pasi, wakakaa barazani kama wachumba, akaondoka kabla ya magharibi.

Jumapili iliyopita Lilis alimuuliza, "Lini, Yayan?"

"Nikipata pa kukuweka."

"Na usipopata?"

Yayan alivaa viatu, akafunga kamba moja, kisha ya pili, taratibu sana.

"Jumapili nitakuja," akasema.