Mluzi Kwenye Sikio la Kushoto

Asubuhi waliyokwenda kununua mashine za masikio, Bising alivaa gauni lake la kanisani na kujipaka poda shingoni kama mtu anayekwenda kuposwa. Binti yake Arlyn alimtazama tu. Tangu mazishi ya baba yake alikuwa na neno moja tu kooni, na siku ya matanga alilitema mbele ya watu: "Ungekubali kuvaa mashine mapema, Mama, ungemsikia."

Crisanto, mume wa Bising, alianguka bafuni mchana, moyo umembana, mlango ameutia komeo kwa ndani. Bising alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, anakaanga samaki. Hakusikia. Aliyesikia ni jirani yao Mindang, mshonaji, ambaye dirisha lake linatazamana na bafu hilo. Ndiye aliyewasimulia waombolezaji huku anafuta kamasi: "Maskini, alikuita, dada Bising. Alikuita weee! Nikajua unamsikia."

Basi mtaa mzima wa Molo ukalijua hilo. Sokoni wanawake walimsema waziwazi, kwa kuwa hasikii. Walisahau kwamba midomo anaisoma.

Fundi wa masikio, Bwana Palmares, alimpima, akasema la kushoto ndilo lililochoka zaidi, kisha akapanga mashine juu ya meza.

"Nataka hizi," Bising akaonyesha vidude vinavyojificha ndani ya tundu la sikio. "Watu wasizione."

"Sawa, mama. Hebu badilisha betri nione."

Betri yenyewe kama punje ya dengu. Ilimponyoka, ikaviringika hadi uvunguni mwa kabati. Arlyn akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mama, hizo utazimeza ukidhani ni dawa ya presha!"

Wakachukua za kukaa nyuma ya sikio. Fundi akamjaza uji mzito masikioni, ukaganda, akautoa. Kutokana na umbo hilo vikatengenezwa vizibo vya sikio lake yeye, visivyoweza kumkaa mtu mwingine.

"Kila jioni zifute kwa kitambaa kikavu," alimwambia siku ya kuzichukua. "Nta itoe kwa brashi hii, usichokoe kwa pini. Fungua kijumba cha betri, kisha ziweke kwenye kopo hili la punje za kukausha. Bafuni usiingie nazo, maji ni sumu yake."

"Na zikipiga mluzi?"

"Ujue kuna kitu kimesogea mno sikioni. Mkono, mto, au mtu anakukumbatia. Kikiondoka, unanyamaza."

Siku za mwanzo Bising alilia kwa kila kitu. Alilia kusikia wali ukitokota, akalia kusikia mvua juu ya bati. Alizitunza mashine zile kama mayai. Lakini kila alilolisikia lilimkumbusha lile ambalo hakulisikia.

Mchana mmoja wa jua kali, mtaa wote umejilaza, alikuwa peke yake mezani anachambua mchele. Mashine ya kushoto ikapiga mluzi.

Akapeleka mkono sikioni. Nywele zilikuwa zimebanwa nyuma. Hakuna kitambaa, hakuna mtu. Mluzi ukaendelea, mwembamba kama uzi, kisha ukakatika. Mahali pake ikabaki pumzi.

Akairudisha kwa Bwana Palmares. Fundi akaisafisha mrija, akaisikiliza kwa mpira wake wa kupimia, akatikisa kichwa. "Haina kasoro, mama."

"Sasa mbona inalia?"

"Basi kuna kitu kinakusogelea." Alisema kwa utani, lakini akaacha kucheka kabla ya Bising.

Ikalia tena mchana uliofuata. Bising akasimama. Akigeukia barabarani, mluzi unafifia. Akigeukia bafuni, unakuwa mkali. Akausogelea mlango taratibu, akaweka kiganja juu ya mbao. Mluzi ukakoma.

Kucha zilikuwa zinakwaruza, kwa ndani.

"Crisanto?" akanong'ona. Akapiga magoti. "Nipo. Sasa nakusikia. Nisamehe, mume wangu."

Sauti ikaja, ya mtu aliyeishiwa pumzi. Ilikuwa yake. Miaka mingi ya ndoa, asingeikosea.

"Mindang."

Bising akakaza kiganja kwenye mbao.

"Mindang, njoo. Najua unanisikia. Pitia mlango wa nyuma. Kama siku zote."

Kucha. Kisha tena, kwa upole ambao Bising hakuwahi kutendewa: "Kama siku zote, mpenzi."

Hakulia. Alinyanyuka, akavaa kandambili, akaenda jirani. Mindang alikuwa kwenye cherehani. Bising akachomoa mashine ya kushoto, akamnyooshea.

"Weka sikioni."

"Mimi si kiziwi, dada."

"Weka tu."

Kizibo kile hakikupaswa kumkaa. Kiliingia. Kiliingia kama kilichongwa kwa ajili yake, kikazama hadi mwisho. Mluzi ukalia kwa nguvu, hata Bising akausikia. Uso wa Mindang ukawa kama majivu.

"Nyamaza," Mindang alinong'ona, hamtazami Bising. "Nyamaza, nakuomba."

"Alikuita wewe," Bising akasema.

"Ningefanyaje? Nitokee mlango wako wa nyuma, wewe upo jikoni?"

"Ungepiga kelele. Ungekuja mbele ukaniita mimi."

"Watu wangekusanyika, wamsikie anataja jina langu."

"Ukaona bora afe. Halafu lawama ukanibebesha mimi."

Mindang akainuka kwenye cherehani. Alikuwa amekishika kizibo kwa vidole vyote. "Kitoe! Dada Bising, kitoe! Anasema anakuja!"

Walikivuta wote wawili. Kilipotoka, kilitoka na damu.

Siku hiyohiyo Mindang akavuka kwenda kwa kaka yake kisiwani Guimaras. Waliomwona gatini walisema alikuwa anajipiga sikio la kushoto kwa kiganja, anapiga tu, kama mtu aliyeingiwa na maji.

Bising alimweleza Arlyn kila kitu. Arlyn alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake. "Baba yupo kaburini, Mama. Usimchafue ili wewe upate nafuu." Hajarudi tangu hapo.

Mashine bado anazivaa. Anazifuta, anazikausha, anabadilisha betri. Hazijapiga mluzi tena. Mara nyingine, mtaa ukitulia, husimama mlangoni mwa bafu na kungoja jina lake. Crisanto hajawahi kulitaja.

Mwenye nyumba ya Mindang alikuja na funguo mpya, akamwomba Bising waingie wote, maana anaogopa kuingia peke yake. Vyumba vilikuwa vimefungwa wiki nyingi, vumbi kila mahali. Kwenye kioo cha dirisha la chumba cha kulala, lile linalotazamana na bafu, upande wa ndani, palikuwa na alama ya sikio la mtu aliyekaa muda mrefu akisikiliza. Lilikuwa kubwa, lenye ndewe ndefu isiyo na tundu la hereni, na Bising alilitambua: la mumewe.

Mwenye nyumba aliifuta kwa shati lake, akauondoa mkono haraka.

Kioo kilikuwa cha vuguvugu.