Mfereji Uliopindishwa

Kazini walimwita Mama Ramani, na jina hilo hakulichukia. Kwa miezi mingi alikuwa akijifungia katika chumba cha nyaraka, akipekua michoro ya mwanzo ya mfereji mkongwe wa mji, karatasi zilizotafunwa na mende pembeni. Jambo moja lilimnyima usingizi. Katika michoro yote, mfereji ulinyooka kama rula kutoka mtoni hadi bondeni. Lakini mfereji wenyewe, huu wenye maji, ulifika karibu na tanuri la matofali ukakata kona ghafla, kama mtu aliyeona nyoka njiani.

Kwa nini?

Mkuu wa idara yao ya maji alitaka jibu upesi. Matingatinga yalikuwa yameshaagizwa, na mfereji ungechimbwa upya kwa kufuata njia yake ya asili.

Jioni moja akambembeleza mumewe, fundi magari, ampeleke kwenye kona hiyo.

"Wenzako wanatolewa na waume zao kwenda kula," mumewe alimtania. "Wewe unanitoa nikashike tepu ya kupimia."

"Shika tu, utalishwa nyumbani pamoja na watoto."

Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye kona. Nyuma ya tanuri, Mama Ramani akaliona. Bonde jembamba, limefunikwa na nyasi, limenyooka vilevile kama kwenye michoro. Moyo ukamruka kwa furaha. Kumbe njia ya asili ilichimbwa! Ilichimbwa, kisha ikafukiwa.

"Kaa hapa kwenye ukuta wa mfereji, unishikie mwanzo wa tepu," alimwambia mumewe. Akazungusha kamba ya kasha la tepu mkononi, akaingia nyasini.

Giza lilishuka haraka. Nyasi zilimpita kimo. Alipogeuka nyuma, hakuona ukuta wala mtu.

Kisha harufu...

Udongo mbichi. Udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Umeshika?" akaita.

Jibu likaja.

"Nimeshika."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyechoka. Akadhani ni mizaha ya mumewe. Tepu ikakazwa vizuri.

"Niandike?"

"Bado. Songa."

Akasonga. Sasa alisikia kitu kingine, kutoka chini ya miguu yake. Koleo. Chwa... chwa... chwa... Watu wengi wanachota udongo kwa pamoja.

"Songa."

Simu ikalia mfukoni. Mumewe.

"Mke wangu, uko wapi? Nimefuata tochi kwenye gari. Ile tepu nimeifunga kwenye jiwe. Mbona nakusikia unaongea peke yako huko?"

Akaitazama tepu mkononi.

"Nani... nani ameshika tepu?"

Tepu ikavutwa.

Haikuvutwa kuelekea ukutani. Ilivutwa chini.

Ardhi ikalegea kama uji. Akazama hadi magotini, hadi kiunoni, mkono ukiburutwa na kamba. Akapiga yowe. Mwanga wa tochi ukaja mbio ukirukaruka, na mumewe akamdaka makwapani. Akavuta huku akiguna kama anayenyanyua injini. Kamba ikachomoka mkononi, tepu ikazama na kasha lake, na udongo ukafumba juu yake.

Mama mwenye tanuri alikuwa ameshatoka na taa.

"Mlikuwa mnapima pale?" alinong'ona. "Na mkaitikiwa?"

Walitazamana. Hilo likamtosha.

"Bibi yangu alisema handaki liliwaporomokea wachimbaji wa mfereji. Wengine walikuwa bado hai, wanagonga kwa koleo. Msimamizi akaamuru wafukiwe, kazi isichelewe. Ndipo mfereji ukapindishwa." Akaukaza mtandio wake. "Sisi tunachimba udongo wa matofali pande zote, lakini pale hatugusi. Wapo wanaosema waliofukiwa wanaomba kutolewa. Wapo wanaosema wanatafuta wenzao. Mimi sijui. Nendeni nyumbani."

Kesho yake Mama Ramani aliandika kwamba njia ya asili isichimbwe, kwa kuwa chini yake kuna watu.

"Watu gani?" mkuu wa idara akafoka. "Ushahidi uko wapi?"

Mama Ramani akakunja mkono wa shati. Mkononi palikuwa na alama za vidole, vyembamba, vyeusi kwa udongo uliokataa sabuni. Mkuu akazitazama kwa karibu. Kisha akachukua kalamu, akaisaini ripoti yake. Matingatinga yakaelekezwa kwingine.

Jioni alimpelekea mumewe habari hiyo njema. Mumewe hakutabasamu. Tangu usiku uliopita alikuwa hajala vizuri, na mlango ukilia kidogo tu anashtuka.

"Kuna kitu sikukwambia," alinong'ona. "Nilipokuvuta, ulikuwa mzito mno. Kuna mtu alikuwa amekukumbatia kiunoni. Nilikiona kichwa chake."

"Ukafanyaje?"

"Ningekuachia? Nilivuta. Nikawatoa wote wawili."

Mama Ramani akaegemea ukuta.

"Sasa... yuko wapi?"

"Nilidhani tumemwacha kulekule. Lakini tulipofika hapa, wewe umeshaingia ndani, mlango wa nyuma wa gari ulifunguka. Ukafungwa taratibu... kama mtu asiyetaka kuamsha watoto."

Walichukua mito yao, wakaenda kulala chumba cha watoto, taa ikiwaka.